Mbwamwitu aliyemla bibi, kisha akapewa usherifu

Kimya kilikuwa kirefu, ila si mnajua tena mambo ya muhula, majaribio yanafuatana kama siafu na desa lenyewe la kuazima. Sasa nimepumua kidogo. Leo sitaongelea bumu wala foleni ya maji bwenini. Leo naleta historia, maana si bure nasomea ualimu wa Historia na Kiswahili, na kuna kitu kimenikaa kichwani wiki ya tatu hii.

Kuna kitabu cha katuni cha Kimarekani kinaitwa Fables. Kilianza kutoka mwaka 2002, mwandishi wake ni Bill Willingham, mchoraji wa matoleo ya mwanzo ni Lan Medina, halafu sehemu kubwa ya kazi ikashikwa na Mark Buckingham. Mchapishaji ni DC, wale wale wa Superman na Batman, kupitia tawi lao la Vertigo lililokuwa likitoa katuni za watu wazima. Huku kwetu ukisema katuni mtu anakumbuka Sani na vituko vya akina Ndumilakuwili, au kibonzo cha gazetini unachosoma ukiwa umesimama kwenye daladala. Hiki ni kitu kingine. Ni riwaya ndefu ya picha iliyoenda matoleo 150 mpaka mwaka 2015, ikarudishwa tena 2022. Mwaka 2003 ilipata tuzo ya Eisner ya mfululizo mpya bora, na kwa watu wa katuni Eisner si jambo dogo.

Kisa chenyewe kwa kifupi: wahusika wa ngano za Ulaya, akina Snow White, Cinderella, Pinocchio na wenzao, wamevamiwa kwao na mtawala mmoja anayeitwa Adui. Waliopona wamekimbilia dunia yetu hii, wakafika New York, na wanaishi mtaa mmoja kwa siri wakijifanya watu wa kawaida. Yaani ni wakimbizi. Prince Charming ameshaachana na wake watatu, na wote watatu ni mabinti wa ngano unaowajua. Snow White ni naibu meya, na ndiye anayeendesha ofisi hasa, meya mwenyewe yupo yupo tu. Na sherifu, yule mkuu wa usalama wa mtaa mzima, ni nani? Ni mbwamwitu. Yule yule aliyevaa nguo za bibi akalala kitandani kumsubiri mjukuu.

Anaitwa Bigby. Kwa Kiingereza yule mbwamwitu wa ngano anaitwa "Big Bad Wolf", na jina hilo ndilo lililobanwa likawa Bigby. Ana sura ya mtu, ndevu hazijanyolewa, koti limekunjamana, sigara haimtoki mdomoni. Sigara yenyewe ina sababu: pua yake bado ni ya mnyama, na New York ina harufu nyingi mno, basi moshi unampunguzia mateso.

Nilipofika hapo nikajiuliza kama mwanafunzi wa historia: imekuwaje? Huyu mnyama kwa miaka mia tatu na zaidi ametumika kutishia watoto. Nani aliamua kumsamehe, na kwa nini iwe sasa? Nikaanza kurudi nyuma, toleo baada ya toleo, nikakuta mambo ambayo laiti ningeyajua kidato cha tatu ningependa fasihi simulizi mapema.

Kwanza tulimalize suala la neno. Kiswahili kinasema mbwamwitu, na ukifungua Biblia ya Kiswahili wale wanaokuja na mavazi ya kondoo ni mbwamwitu. Lakini mbwamwitu wa kwetu, yule mwenye masikio ya mviringo na madoa anayekimbiza swala kule Ruaha, ni mnyama mwingine kabisa, si yule wa theluji wa Ulaya. Walimu wetu walitafsiri kwa kilichokuwepo. Kinachochekesha ni kwamba mwaka 2015 wataalamu wa vinasaba walitangaza kwamba yule tuliyekuwa tunamwita bweha wa dhahabu hapa Afrika, anayefika mpaka Kenya na kaskazini mwa Tanzania, kiukoo yuko karibu zaidi na mbwamwitu wa Ulaya kuliko na bweha wa Asia. Kwa hiyo tulikuwa naye siku zote, ila tulimpa jina la jirani. Haya, tuendelee.

Maandishi ya kwanza maarufu ya ngano ya binti mwenye kofia nyekundu ni ya Charles Perrault, Paris, mwaka 1697. Perrault hakuwa babu wa kijijini. Alikuwa msomi, mtu wa karibu na utawala wa Louis XIV, umri wake ulikuwa unakaribia miaka sabini, na kitabu kilitoka kikiwa na jina la mwanawe kwenye ukurasa wa kumtunuku binti wa ukoo wa kifalme. Katika ngano yake binti anafika, anavua nguo, anapanda kitandani, anauliza yale maswali ya mikono mikubwa na meno makubwa, na analiwa. Kwisha. Hakuna mwindaji wa kumwokoa, hakuna tumbo kupasuliwa. Halafu mzee Perrault anaweka funzo lake mwishoni kwa mabinti wa mjini: wako mbwamwitu wa namna nyingi, na wa hatari kuliko wote ni wale wapole wanaokusindikiza mpaka mlangoni. Yaani mnyama wa Perrault amevaa suti. Ni kijana wa mjini mwenye maneno matamu. Hata hapa kampasi tunao, msijifanye hamjui.

Sasa sikilizeni hii. Mwishoni mwa karne ya 19, kama mwaka 1885, huko Nivernais katikati ya Ufaransa, mkusanyaji mmoja wa simulizi alirekodi ngano hiyo hiyo kutoka kwa watu wa vijijini, na katikati ya karne ya 20 mtaalamu wa ngano Paul Delarue akaitangaza. Inaitwa hadithi ya bibi. Humo hakuna kofia nyekundu hata kidogo. Binti anakutana njiani na bzou, ambaye ni mtu anayegeuka mbwamwitu. Anamuuliza: utapita njia ya sindano au njia ya pini? Wanaachana njia. Bzou anawahi, anamuua bibi, anaweka nyama kabatini na damu kwenye chupa. Binti anafika ana njaa, anaambiwa ale, na anakula. Ndiyo, mmesoma vizuri. Kisha anaitwa kitandani, na hapo akili zinamrudia. Anasema anataka kwenda haja. Bzou anamwambia jisaidie hapo hapo. Anakataa katakata. Basi anamfunga kamba mguuni ili asitoroke, anamwachia atoke nje. Binti anafika uani, anaifungua kamba, anaifunga kwenye mti wa plamu, anatimua mbio mpaka kwao. Yule kiumbe anavuta kamba, anavuta, anakuta ni mti.

Mimi niliposoma hapo nilicheka mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza, "We mwalimu, umepata bumu nini?" Huyu binti ni Sungura! Ni akili ile ile tuliyolelewa nayo, ya mnyonge kumzidi mkubwa maarifa. Hakuna mwanamume anayekuja kumuokoa na hakuna mtu anayempa mawaidha.

Kuna hoja hapa ambayo lekchara yeyote wa Historia angeibua, nami naiweka mezani kabla hamjaniwahi. Simulizi ya Nivernais ilirekodiwa karibu miaka mia mbili baada ya Perrault. Utasemaje ni ya zamani zaidi? Wataalamu wengi wanaona imebeba umbo la kale kwa sababu ina mambo ambayo Perrault angeyakata kwa ajili ya wasomaji wa ikulu: nyama, damu, kwenda haja. Robert Darnton, mwanahistoria wa Marekani, aliitegemea sana simulizi hii kwenye kitabu chake cha mwaka 1984 kuonyesha maisha ya wakulima wa Ufaransa ya zamani, maisha ya njaa na njia mbovu. Wengine wanamwambia apunguze mwendo, simulizi ya mdomo haina cheti cha kuzaliwa. Mimi nakubaliana na Darnton nusu. Umbo linaweza kuwa la kale na maneno yakawa ya jana, kama nyimbo za jando.

Na mnyama mwenyewe alikuwa wa kweli. Kati ya mwaka 1764 na 1767 huko Gévaudan, kusini mwa Ufaransa, kitu kiliua watu wapatao mia moja, wengi wao watoto na wanawake waliokuwa wakichunga mifugo. Louis XV akatuma mtu wake wa bunduki, François Antoine, naye akaua mbwamwitu mkubwa mwaka 1765. Paris wakasherehekea, na vifo vikaendelea. Mnyama aliyehesabiwa kuwa wa mwisho aliuawa mwaka 1767 na mwenyeji, Jean Chastel. Kwa hiyo mama wa kijijini alipomwambia mwanawe asichelewe porini, hakuwa anatunga funzo la maadili.

Mwaka 1812 wakaja ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm. Sifa yao kubwa ni kwamba walikusanya ngano za Wajerumani halisi. Kumbe ngano hii ya kofia nyekundu waliipata kwa mabinti wa familia ya Hassenpflug mjini Kassel, familia ya watu wenye uwezo ambao kwa upande wa mama walitokana na Waprotestanti waliokimbia kutoka Ufaransa. Na wakati huo Kassel ilikuwa chini ya Jérôme Bonaparte, mdogo wake Napoleon, na Jacob Grimm alikuwa mkutubi wake. Fikirieni: mtu analipwa mshahara na mfalme Mfaransa, jioni anakusanya roho ya taifa la Kijerumani, na ngano anayosimuliwa imevuka mpaka pamoja na wakimbizi wa Kifaransa. Historia ina utani wake.

Kwa ndugu hawa mwindaji yumo. Anapita, anasikia mkoromo usio wa bibi, anapasua tumbo la mbwamwitu kwa mkasi, bibi na mjukuu wanatoka wazima, tumbo linajazwa mawe. Wengi wetu ndiyo tuliyosoma. Lakini kitabu chao kina nyongeza ambayo watu hawaisomi: binti anakutana na mbwamwitu wa pili. Safari hii haongei naye, anakwenda moja kwa moja kwa bibi, wanafunga mlango. Mnyama anapanda paa kuvizia. Bibi anamwambia mjukuu amimine kwenye birika la mawe maji yaliyochemshiwa soseji. Harufu inapanda, mbwamwitu ananusa, anainama, anateleza, anazama. Wanawake wawili, jikoni kwao, bila mwindaji. Ule mwisho wa mti wa plamu uliingia kwa mlango wa nyuma.

Afrika nayo imo humu. Mwaka 2013 mtafiti Jamie Tehrani wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alichukua matoleo 58 ya ngano za aina hii kutoka sehemu mbalimbali za dunia, akayapanga kama mtu anavyopanga ukoo wa viumbe. Akaona kwamba ngano za Afrika alizozichunguza, zile za zimwi au mnyama anayeiga sauti ya mzazi ili mtoto afungue mlango, ziko ukoo mmoja na ngano ya mbwamwitu na wana mbuzi, wala si tawi la kofia nyekundu. Ukoo huo wa wana mbuzi kwa hesabu zake ni wa zamani zaidi, na kofia nyekundu ikachipuka baadaye. Nadhani nusu yenu mmeshakumbuka hadithi ya bibi yenu ya zimwi lililokwenda kulainisha sauti. Ndiyo hiyo.

Narukia karne ya 20 maana hapo kuna jambo moja kubwa tu. Mwaka 1933 Disney akatoa filamu fupi ya nguruwe watatu. Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, watu hawana kazi, benki zimefungwa, na wimbo wa wale nguruwe wa kumdharau mbwamwitu ukaimbwa nchi nzima, maana watu walimwona mbwamwitu kama njaa yenyewe inayopuliza nyumba zao. Hapo ndipo jina la "Big Bad Wolf" liliposhika kila kona. Lakini kwenye filamu ile ile kuna sehemu mbwamwitu anabisha hodi akiwa amejigeuza mchuuzi wa Kiyahudi, na pua ya bandia na lafudhi ya kukejeli. Mwaka 1933, mwaka ule ule Hitler alipoingia madarakani. Sehemu hiyo ilichorwa upya baadaye. Mnaona kazi anayopewa huyu mnyama? Kila zama zinamvisha sura ya mtu ambaye hazitaki aingie ndani.

Sasa turudi kwa Bigby, mseme nimepotea njia ya sindano.

Willingham alichofanya ni kumvua zile sura zote na kumpa maisha. Kwenye kisa chake, Bigby ni mtoto wa upepo wa kaskazini na mama mbwamwitu mweupe. Alikuwa mdogo kuliko wote kwenye uzao ule, ndugu zake wakamcheka kwa kumwita eti mkubwa mbaya. Baba aliwatelekeza. Mama akafa. Yule mdogo akaapa kuua kila siku kitu kikubwa kuliko cha jana mpaka siku ile atakayotosha kumkabili baba yake. Nguruwe, bibi, binti, wote walikuwa vituo tu kwenye safari hiyo. Huo haukuwa udhuru, na kitabu chenyewe hakiufanyi udhuru. Kinasema tu alikotoka.

Kuhusu kuwa mtu, alikatwa kidogo na kisu chenye uchawi wa kumgeuza kiumbe kati ya mtu na mbwamwitu, na aliyemkata ni Snow White, aliyekuja baadaye kuwa mkewe na kuzaa naye watoto. Mnakumbuka bzou wa Nivernais, mtu anayegeuka mbwamwitu? Perrault alikuwa amemuondoa, akabakiza mnyama mtupu. Mmarekani wa 2002, akiandika hadithi ya upelelezi ya sigara na makoti, amemrudisha mlangoni yule kiumbe wa wakulima. Sidhani kama ni bahati tu. Ukivua funzo kutoka kwenye ngano, kinachobaki chini yake ni kile kilichokuwepo kabla ya funzo.

Lakini kilichonishika mimi ni msamaha. Walipofika uhamishoni wakimbizi hawa waliweka mkataba: kila anayetia sahihi anafutiwa makosa yote aliyoyafanya katika nchi za kale. Kila mmoja, awe mtu au mnyama. Bluebeard, yule tajiri wa Perrault aliyekuwa anaua wake zake, naye ametia sahihi, na anakaa mtaa huo huo na mali zake, anaalikwa kwenye sherehe kwa sababu ana pesa. Sheria inasema huruhusiwi hata kumkumbusha mtu alichofanya kule. Na kwa sababu Bigby anajua kunusa, kufuatilia na kutisha, wakampa yeye kazi ya kulinda sheria hiyo.

Ukisoma haraka utasema safi, watu wamesonga mbele. Ila tazama nani anakaa wapi. Waliofanana na binadamu wanaishi mjini. Wasioweza kujificha, nguruwe, dubu, majitu, wanapelekwa Shambani, mbali kaskazini mwa jimbo, na hawatakiwi kutoka. Na Bigby, pamoja na msamaha wake wote wa kisheria, haruhusiwi kukanyaga Shambani. Kwa sababu waliopo kule ndio aliowala ndugu zao. Karatasi imesamehe, wao hawajasamehe.

Kuna picha mwanzoni kabisa ambayo mimi naiona ndiyo bora ya mfululizo mzima, na wala haina ngumi. Colin, mmoja wa wale nguruwe watatu, ametoroka Shambani amekuja mjini, amejilaza kwenye kochi la sherifu. Bigby anamfukuza. Colin hatoki. Anamkumbusha kwa upole kwamba kuna nyumba mtu fulani aliipuliza ikaanguka, kwa hiyo kochi ni kitu kidogo sana. Na sherifu, mnyama mwenye uwezo wa kummaliza kwa mng'ato mmoja, anakosa jibu. Nguruwe amevunja sheria kwa kukumbusha. Lakini nani atamkamata? Yule anayedaiwa ndiye polisi.

Baadaye Colin anauawa. Wanyama wa Shambani wanafanya uasi, na kichwa chake kinawekwa juu ya mti kama alama. Sehemu hiyo ya kitabu imepewa jina la riwaya ya George Orwell, ile tuliyoijua kama Shamba la Wanyama kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Na madai ya waasi, ukitoa damu, yana mantiki: mnatuambia sote tumesamehewa na sote ni sawa, mbona sisi tumefungiwa? Willingham anawashinda waasi haraka kuliko nilivyopenda. Naona hapo aliogopa swali lake mwenyewe. Mashujaa wanarudi, wakosaji wanaadhibiwa, maisha yanaendelea, na uzio unabaki pale pale.

Jambo la pili ambalo sikulitegemea: kofia nyekundu mwenyewe anapotokea mjini, anakuja kama mkimbizi aliyeponyoka, na kumbe si yeye. Ni Baba Yaga, mchawi mzee wa ngano za Kirusi, amevaa sura ya binti kuja kupeleleza. Kwenye ngano ya kale mbwamwitu ndiye aliyevaa nguo za bibi kumdanganya mjukuu. Hapa kikongwe amevaa sura ya mjukuu, na mbwamwitu ndiye polisi wa mtaa. Hapo nilifunga kitabu nikatoka kupiga hatua mpaka kwenye vimbweta na kurudi.

Kuna mtu ataniambia hayo ni ya vitabuni. Basi angalia mbwamwitu wenyewe. Ujerumani waliwamaliza, zikapita zama bila hata mmoja kuzaa huko. Mwaka 2000, miaka miwili kabla ya Bigby, mbwamwitu waliovuka kutoka Poland wakazaa tena porini huko Lausitz, mashariki ya nchi. Ufaransa walirudi mwaka 1992 kutoka Italia. Sheria za Ulaya zilikuwa zimeshawapa ulinzi mkali, yaani ni msamaha wa jumla kabisa, na watu wa mijini wakafurahi. Wafugaji wa kondoo wakauliza, mmetuuliza sisi? Mwaka 2022 mbwamwitu mmoja akaua farasi mdogo wa Ursula von der Leyen, mkuu wa Kamisheni ya Ulaya, na mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ukapunguza ulinzi ule. Sisemi farasi ndiye aliyebadilisha sheria, kelele za wafugaji zilikuwepo zamani. Nasema Shamba la Willingham ni mahali pa kweli, na wanaotia sahihi msamaha mara nyingi hawaishi huko.

Nimalizie na mwenye mali, maana hii nayo ni historia na imetokea juzi tu. Willingham aligombana na DC kuhusu mkataba. Tarehe 15 Septemba 2023 akatangaza kwamba Fables yote kuanzia siku hiyo ni mali ya umma, yeyote aitumie apendavyo. Alisema kushtaki kampuni kubwa ni gharama asizoziweza, na mkataba unamzuia yeye mwenyewe kuchapisha kwingine, basi ameamua kuwapa watu wote. DC wakajibu kwamba Fables ni mali yao na watachukua hatua kuilinda.

Oneni ilivyo. Huyu bwana alichukua kwa Perrault, kwa akina Grimm, kwa wakulima wa Nivernais ambao majina yao hatuna, bila kumlipa mtu hata senti, na ilikuwa halali yake. Akaongeza sigara, koti, baba aliyetelekeza, kochi la nguruwe. Na alipotaka kurudisha kapuni alichokopa pamoja na riba, akaambiwa riba si yake kuigawa. Watu wa sheria mnaosoma hapa mtatueleza vizuri zaidi nani ana haki. Kwa mtazamo wangu mimi mtu wa fasihi simulizi, bibi anaposema hadithi hadithi na watoto wakaitikia, hakuna mkataba uliosainiwa, na kila mtoto aliyesikiliza anaruhusiwa kuisimulia kesho akiwa ameongeza chumvi yake. Hiyo ndiyo iliyomfanya mbwamwitu huyu aishi mpaka akamfikia Willingham.

Kwa hiyo mchoraji wa hapa chuoni akitaka kumchora, mbwamwitu wa 1697 na wa 1812 hawana kesi. Yule wa mti wa plamu ndiye ningemchagua mimi. Mwenye sigara mwacheni kwanza.

Halafu mwenye juzuu ya tano aniazime, mimi nimeishia ya nne. Narudisha, tena bila kukunja kurasa.